Naomba Uniulize Kwanza

Jumapili, 9 Februari

Kaka yangu,

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize sentensi. Karatasi haikatizi mtu. Mimi mzima, darasa langu la sita lina watoto wengi kuliko madawati, na walimu wenzangu wamenipa jina jipya. Wananiita Wakili.

Jina hilo nimelipata kwa ile semina ya mwezi uliopita. Mkuu wa shule alinichagua mimi kwa sababu ndimi mgeni hapa, na hakuna mwingine aliyetaka kupoteza siku zake kusikiliza habari za haki za watoto. Niliporudi nilipewa dakika chache mwisho wa kikao niwaeleze wenzangu nilichojifunza. Niliwauliza nani anajua mwongozo wa wizara unasemaje kuhusu kiboko. Mwalimu wa hisabati akasema yeye anajua, unasema kisizidi urefu wa mkono. Wakacheka, na mimi nikacheka, maana alisema vizuri. Kisha mwalimu wa darasa la kwanza, mama mmoja mpole kweli, akaniuliza haki za mwalimu ziko kwenye semina ya nani. Ana watoto tisini na chaki anapewa kama dawa, moja asubuhi moja jioni. Nilimwambia tu kwamba wale tisini sio waliomnyima chaki.

Basi, kitabu cha uraia cha darasa la tano na la sita kina sura ya haki za mtoto. Iko mwisho kabisa, na hapa huwa inarukwa kila mwaka kwa kisingizio cha mitihani. Mimi niliifundisha. Watoto walisikiliza vile ambavyo sijawahi kuwaona wakisikiliza kitu. Kuna binti mmoja tunamwita Swali, kwa kuwa kipindi hakiishi bila yeye kunyoosha mkono. Aliuliza kama haki ya kusikilizwa inafanya kazi na getini. Nikasema inafanya kazi kila mahali.

Alhamisi akaijaribu. Mwalimu wa zamu alikuwa yule tunayemwita Afande, mwenye sauti ya gwaride. Waliochelewa walipangwa mstari getini, kila mmoja anyooshe mikono apokee chake. Zamu ya Swali ilipofika akaweka mikono nyuma, akasema kwa adabu, "Mwalimu, naomba uniulize kwanza kwa nini nimechelewa." Afande hakuuliza. Fimbo ilitua begani na shingoni, na alama ilionekana juu ya kola. Mkuu akamrudisha nyumbani papo hapo, asirudi mpaka aje na mzazi, apige magoti mbele ya shule nzima na kuomba radhi.

Jioni Mkuu aliniita. Alitaka nithibitishe, kama mwalimu wa darasa, kwamba yule mtoto ni mjeuri wa siku zote. Alitaka pia ile sura niifute, ubaoni na vichwani. Nikamjibu kwamba ubao naweza kuufuta.

Sasa ombi. Wewe uko ofisi ya elimu. Mwezeshaji wa semina alisema kuna waraka ulioletwa maofisini siku nyingi, unaosema mtoto asirudishwe nyumbani kabla hajasikilizwa, wala asipigwe getini na mwalimu yeyote. Nitafutie nakala. Nataka niwawekee mezani wausome wenyewe.

Msalimie wifi, na mama.

Kitinda


Jumamosi, 15 Februari

Kitinda,

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwanza kama kaka, halafu kama ofisa. Kaka alicheka pale kwenye ubao. Ofisa akatoka jasho.

Sikiliza. Kazini una mwaka mmoja na kidogo, hata hujathibitishwa. Mkuu wako anajulikana huku, akija ofisini anatafutiwa kiti chenye mto. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Huyo Swali wako akipiga magoti atayapangusa vumbi na maisha yataendelea. Sisi tulichapwa na baba, tukachapwa na walimu, tukachapwa na jirani aliyekuwa anapita tu njiani, na tumekuwa watu.

Waraka nimeutafuta. Stoo yetu unaijua ilivyo, hata panya anaingia na mwenyeji wake. Sijauona. Pengine haukufika.

Mama presha ilimpanda Jumanne, sasa imeshuka. Nimemwambia unafanya kazi vizuri na hugombani na mtu. Usinifanye mwongo. Niachie jambo hili, nitaona la kufanya.

Kaka yako


Jumapili, 23 Februari

Kaka,

Umesema tumekuwa watu. Mpaka leo mtu akinyanyua mkono ghafla karibu yako, hata kama anafukuza nzi, unafumba macho. Wifi ndiye aliyenionyesha. Nilidhani ni mimi peke yangu. Tuliache hilo.

Nilikwenda nyumbani kwa Swali. Mama yake ni fundi cherehani, ana kibanda kando ya barabara, na nilimkuta anashona sare za shule yetu hii hii. Aliponiona alisimama na pini mdomoni, akaanza kuomba radhi kabla sijaketi. Alisema yuko tayari kupiga magoti yeye, mtu mzima, ili mradi mtoto asipoteze mwaka. Binti alikuwa chini ya meza ya kukatia, anaokota vipande vya vitambaa. Nikamwomba mama ruhusa nimuulize mtoto lile swali ambalo hakuna aliyemuuliza, kwa nini alichelewa.

Kaka, alichelewa kwa sababu alikuwa anajaza pipa la Mkuu.

Kuna zamu. Watoto wa darasa la tano na la sita wanaokaa upande wa kisimani wanateka maji kabla ya kengele na kuyapeleka nyumbani kwa Mkuu, wawili wawili kila siku. Siku ile foleni ya kisima ilikuwa ndefu na mwenzake alikuwa mgonjwa, kwa hiyo alibeba ndoo peke yake. Mke wa Mkuu alimwambia asiondoke kabla maji hayajafika kwenye ukingo. Alipomaliza akakimbia shuleni, akamkuta Afande na mstari wake.

Mama yake akatoa pini mdomoni. Alikuwa hajui. Siku zote aliambiwa mtoto anawahi usafi wa shule. Nilimuuliza Swali kwa nini hakusema pale pale getini. Akanijibu, "Nilimwomba aniulize. Sikutaka kumsema Mkuu mbele za watu." Huyo ndiye mjeuri wa siku zote.

Tangu siku hiyo nikitoka kazini napitia kibandani. Tunasoma kwenye meza ya kukatia, katikati ya mikasi na futi ya fundi. Mara wakaja wenzake wawili, mara wakawa wengi, mpaka fundi akawatandikia turubai nje. Wanataka sura ile ile. Mmoja aliuliza kama wajibu wa mtoto ni pamoja na kumtekea maji mtu mzima mwenye mikono yake.

Mkuu nimemwambia ana kwa ana kwamba habari za pipa ninazo. Hakukataa. Alisema hata yeye aliwatekea walimu wake maji. Nikamshukuru kwa kuthibitisha.

Waraka, Kaka. Tafuta tena.

Kitinda


Ijumaa, 28 Februari

Kitinda,

Kaa chini kabla hujasoma.

Nimekupatia uhamisho. Shule ya mjini, ya matofali ya kuchoma, ina maktaba na choo cha walimu chenye mlango. Ukitoka hapo kwa mguu uko kwa mama kabla jasho halijakutoka.

Mkuu wako alikuja ofisini na mashtaka yameiva. Uchochezi, kufundisha nje ya saa bila kibali, kumdharau kiongozi. Hayo sio mambo ya kuonywa, ni ya kufukuzwa. Nilimkalisha, nikamnywesha chai, tukaongea kiutu uzima. Mashtaka anayaacha, mimi nakuondoa pale, na mtoto atarudi darasani baada ya kuomba radhi ofisini kwake tu, shule nzima isijue. Hata magoti nimeyapigania mpaka yakapungua, limebaki moja.

Unaripoti tarehe kumi na saba. Mama nimeshamwambia, amefurahi mpaka amefua mapazia. Usinishukuru.

Kaka yako


Jumatano, 5 Machi

Kaka,

Sikushukuru.

Umekaa na Mkuu mkanywa chai, mkanipangia mimi kituo cha kazi, mkampangia mtoto magoti, mkamfulisha mama mapazia. Katika watu wote hao, nani aliulizwa? Mimi nina cheti, nina ufunguo wa nyumba yangu, na sikuulizwa. Sasa fikiria mtoto wa darasa la sita mbele ya fimbo.

Siendi. Barua ya uhamisho ikifika nitajibu kwamba sikuuomba. Mkuu akitaka kunishtaki anishtaki, nami nitaomba kusikilizwa, na nikisikilizwa nitaeleza kuanzia kisimani mpaka ukingoni mwa pipa. Watu wanasema mnyonge hana haki. Anayo, ila iko kwenye sura inayorukwa. Mama nitamwandikia mwenyewe.

Jambo la pili. Nimempigia mwezeshaji wa semina. Anasema maboksi ya waraka yalipelekwa ofisini kwenu na gari la wizara, yeye akiwamo, na alisaidia kuyashusha. Aliyeyapokea alikuwa mtu mrefu, mcheshi, mwenye mwanya. Ofisi yenu ina wenye mwanya wangapi?

Nilipomwambia Mkuu kwamba siendi popote, mapatano yenu aliyatupa palepale. Ametangaza mkutano wa wazazi Ijumaa ya tarehe ishirini na moja. Swali atapiga magoti mbele ya wote. Yote mawili.

Kitinda


Jumatatu, 10 Machi

Kitinda,

Mwenye mwanya ni mimi.

Maboksi yapo, ila hayako stoo. Yako ofisini kwangu karibu na dirisha, yamebeba ubao, na juu ya ubao kuna birika, vikombe na kopo la sukari. Chai ya saa nne tunainywea hapo. Mkuu wako alipokuja nilimmiminia hapo hapo, akasifu tangawizi.

Yalipofika, bosi aliagiza yasifunguliwe mpaka uzinduzi, aje mgeni rasmi akate utepe, tupigwe picha. Mgeni rasmi akaahirisha, kisha akahamishwa. Akaja mwingine, naye hajapata nafasi mpaka leo. Katikati ya kungoja, mtu akaleta ubao. Nilikwambia sijauona kwa kuwa nilijua ungekuja na begi uuchukue.

Jana Jumapili niliingia ofisini peke yangu nikafungua boksi moja. Ni kurasa chache, Kiswahili chepesi, hata mama angeelewa bila miwani. Kuna mahali panasema kazi ya ofisa elimu ni kuhakikisha kila mwalimu ameusoma. Nilipofika hapo nikauweka chini nikaenda kusimama dirishani.

Lakini usinitegemee. Nina watoto, na bosi wangu anajua idadi ya vijiko, seuze maboksi. Kukutumia siwezi. Unisamehe au usinisamehe, siwezi. Uhamisho nimeusimamisha. Hilo nimeliweza.

Kaka yako


Jumapili, 23 Machi

Kaka,

Alhamisi jioni gari la mikate lilinishushia boksi. Dereva alisema limetumwa na mtu mrefu ambaye alikataa kutaja jina lake, na kwa kuwa mtu huyo hakucheka hata kidogo, yeye dereva hakuweza kuona kama ana mwanya. Ukikutana naye mwambie limefika.

Ijumaa asubuhi niliweka nakala moja juu ya kila kiti katika ofisi ya walimu, na juu ya kile cha Mkuu, kabla hawajafika. Siku hiyo hakuna aliyeniita Wakili. Mwalimu wa darasa la kwanza aliusoma wote akiwa amesimama, kisha akaniuliza tena habari za haki za mwalimu. Nikamwonyesha ukurasa wa mwisho, panaposema mwalimu mmoja asipewe watoto wengi kupita uwezo wake, na kwamba anayo haki ya kulalamika. Akaikunja nakala akaitia mkobani. Afande aliichukua yake bila kuniangalia, akatoka nje.

Mkutano ulikuwa katika yale madarasa mawili yanayotenganishwa na mbao. Mbao ziliondolewa, wazazi wakabanana kwenye madawati ya watoto wao, magoti yakigusa videvu. Watoto walijaa madirishani. Mkuu alieleza kwamba shule isiyo na nidhamu ni soko. Kisha akamwita Swali. Fundi alimshika mkono bintiye wakaja mbele wote wawili.

Mkuu akasema piga magoti. Swali akabaki amesimama. Mikono aliiweka nyuma. Mkuu akarudia. Ndipo mama yake akasema, taratibu, kama mtu anayesoma vipimo vya mteja, "Muulizeni kwanza alichelewa kwa nini. Mkishamsikia, kama bado mnataka magoti, tutapiga mimi na yeye."

Mkuu akasema pale sio mahakamani. Nikasimama. Nilisema waraka ameukuta kwenye kiti chake asubuhi, unasema mtoto lazima aulizwe, na kama yeye hataki kuuliza, nitauliza mimi mwalimu wake wa darasa. Akaniambia nikae. Sikukaa. Nikamuuliza Swali, naye akajibu. Alieleza kwa mpangilio, foleni ya kisima, mwenzake mgonjwa, ndoo, pipa, ukingo. Hakumtukana mtu.

Baba mmoja muuza mkaa, kule nyuma, akauliza kama hata mtoto wake anateka. Mtoto mwenyewe akajibu kutoka dirishani kwamba yeye ni wa Jumanne. Mwingine akasema yeye ni wa Jumatano. Wazazi wakawa wanageuka kwenye yale madawati, kila mmoja anatafuta wake dirishani, na watoto wanataja siku zao. Hakuna aliyepiga kelele, na nadhani hilo ndilo lililomtisha Mkuu. Alikuwa amejiandaa kwa kelele.

Afande alisimama. Nilifikiri anakwenda kuwanyamazisha watoto. Akasema yeye ndiye aliyempiga, na kwamba angeuliza angejua. Akaketi. Radhi hakuomba, na bado namdai. Lakini alisema mbele ya Mkuu, na yeye pia ana watoto nyumbani, kama wewe.

Swali hakupiga magoti. Kesho anarudi darasani. Wazazi wamekubaliana kwamba hakuna mtoto atakayebeba ndoo tena, na muuza mkaa amejitolea kumwonyesha Mkuu njia ya kisimani. Usidhani tumeshinda yote. Mkuu bado ni Mkuu. Jana amenipa onyo kwa kuvuruga mkutano, akataka nitie saini kwamba nimekosa. Nimetia saini kwamba nimelipokea, na chini yake nimeandika kwamba sijakosa. Mwalimu wa uraia wa darasa la tano ameniomba nimfundishie ile sura Jumanne. Yeye atakaa nyuma asikilize, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, kwa miaka yote ameiruka hata yeye.

Kitinda


Jumamosi, 29 Machi

Kitinda,

Jumatatu Mkuu wako alifika hapa kabla ya mfagizi. Bosi akaniita, akataka kujua kwa nini ubao wa chai umeinama upande mmoja. Nikasema kuna boksi limeondoka. Akauliza kama limeondoka kwa miguu. Nikasema kwa gari la mikate.

Nilitegemea hasira. Badala yake akafunga mlango, akanishauri kama mzazi niandike maelezo kwamba boksi liliibiwa, naye atafunga jalada siku hiyo hiyo. Alinipa mpaka kesho yake. Jioni nilimweleza wifi yako. Nilidhani atanikumbusha watoto. Akasema watoto si hao, wako ndani, niwaulize wao. Sijawahi kuwauliza jambo zito maishani, nilianza kama mtu anayejifunza kuogelea. Yule mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ukiandika liliibiwa, mwizi watamtafuta nani?" Tonge likaniganda mkononi. Mfagizi ndiye mwingine mwenye ufunguo.

Nimeandika sentensi moja. Boksi nimelituma mimi kwa sababu juu yake pameandikwa Kwa Walimu Wote. Nikatia saini, jina langu na la baba. Bosi ameisoma mbele yangu, ameipeleka juu. Mama nimemweleza ukweli wote kabla majirani hawajamfikia. Akaniuliza kama nimekula.

Majibu kutoka juu yatakuja yakija. Wakati huu ufunguo bado ninao. Jana niliazima pikipiki, nikafunga maboksi mawili nyuma, nikaenda shule tatu za upande wa mlimani, na wiki ijayo nakwenda zilizobaki. Ubao umelala sakafuni, chai tunainywa wima. Wenzangu wawili wamenuna. Wa tatu amenisaidia kufunga kamba.

Katika ile shule ya tatu, mkuu wa shule alilizunguka boksi bila kuligusa. Akaniuliza uzinduzi ni lini, maana aliambiwa angoje uzinduzi. Nikamwambia uzinduzi ni sasa hivi, mgeni rasmi amefika na vumbi lake, agonge kengele walimu waje.

Kaka yako